Maswali Mawili Niliyomjibia Mke Wangu

Muuguzi alituuliza kwa Kifaransa: mnataka kumsubiri daktari wa ngozi hadi afike Kolwezi, au nipige picha nimtumie huko Lubumbashi leo hii? Mke wangu alinigeukia nimfasirie. Mimi, badala ya kumfasiria, nikajibu: tuma picha. Mkono ulikuwa wake, ngozi ilikuwa yake, na jibu likawa langu. Nililitoa upesi, kama mtu anayefunga dirisha kabla vumbi la malori halijaingia ndani.

Baka lilikuwa kwenye mkono wake wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Lilianza likiwa dogo kama kizibo cha chupa, lina rangi hafifu kuliko ngozi yake, haliwashi wala haliumi. Kwetu Musonoi, mtaa wa Kolwezi, mtu hashangai baka. Tunaishi kando ya mashimo ya mgodi, na chochote kinachotokea kwenye ngozi kina jina moja tu: asidi. Mtoto akipata upele, ni asidi. Mzee akijikuna mgongo, ni asidi. Mimi niliyefanya kazi ya ukarani katika bohari ya mgodi hadi nikastaafu, nilikuwa wa kwanza kusema hivyo. Baka likakua hadi likawa pana kama kiganja, nami bado nasema ni asidi.

Mke wangu ndiye aliyetaka twende. "Tata," aliniambia asubuhi moja, "hii kintu haiko asidi. Asidi ingeniuma. Mi nataka mutu mwenye kujua aitazame."

Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu ilikaa barazani, na tangu tuoane sauti yake ilikuwa ndiyo saa ya nyumba yetu. Ikinyamaza, najua chakula kimeiva. Sisi ni Waprotestanti, lakini akina mama Wakatoliki walimletea yeye vitambaa vyeupe vya watoto wao wa komunyo ya kwanza, kwa sababu pindo zake zilikuwa ndogo na zimenyooka, nazo hazikufumuka.

Sasa niseme kwa nini sikutaka kusubiri daktari. Daktari huyo alifika Kolwezi mara moja kila baada ya miezi kadhaa, akapokea watu katika jengo dogo nyuma ya hospitali. Zamani watu wenye ukoma walichukulia dawa zao hapo. Siku hizi wanatibu kila ugonjwa wa ngozi, lakini mji haujasahau, na jengo lile halitajwi kwa jina. Watu husema "kule nyuma" tu. Benchi la kusubiria limeelekea njia ya sokoni, na kila anayepita anaona nani ameketi. Nilimjua mama mmoja aliyeuza maandazi. Sabuni mbaya ilimharibu mikono, akakaa kwenye benchi lile asubuhi moja, na baada ya hapo maandazi yake yalilala kwenye beseni hadi akaacha kuuza.

Mimi nilikuwa mzee wa kanisa. Jumapili nilisimama mbele nikasoma matangazo. Nilijiona nimeketi kule nyuma, na waumini wanapita na mboga zao, wananisalimu bila kunitazama usoni. Nikajiambia kwamba nalinda kazi ya mke wangu. Mama gani angemvalisha mtoto wake nguo iliyopita katika mikono ya mtu wa kule nyuma? Ilikuwa sababu nzuri, nami niliishika kwa nguvu, lakini nilipojibu nilikuwa najiwazia mimi mwenyewe.

Muuguzi alikuwa dada wa umri wa kuwa binti yangu, ametoka Kinshasa, hajamaliza hata mwaka kwetu. Kiswahili chake kilimtosha kununua mboga, si zaidi. Alijaza fomu kwenye simu kabla ya kupiga picha, na fomu ilikuwa ya Kifaransa. Mimi nilimaliza sekondari. Kifaransa changu cha ripoti za bohari kilikuwa kimekaa bure tangu nistaafu, na siku ile nilifurahi kukitoa. Mke wangu alisoma miaka minne tu. Alikaa kati yetu, mikono juu ya magoti, akigeuza uso kwa huyu na kwa yule kama mtu anayetazama watu wakicheza mpira.

Muuguzi akauliza: kuna mabaka mengine mwilini? Yalikuwepo. Nilikuwa nimeona moja mgongoni na jingine kiunoni nilipomsugua mgongo akioga. Nikawaza mgongo wa mke wangu ndani ya simu ya mwanamume nisiyemjua, maana kichwani mwangu daktari alikuwa mwanamume. Nikajibu: hapana, ni hili moja.

Akauliza la pili: mahali penye baka, akiguswa, anahisi sawa na sehemu nyingine?

Swali hilo kila mtu wa umri wangu analijua. Nilipokuwa shuleni, waganga wa hospitali walifika na pamba na sindano kutafuta ukoma, wakatupanga mstari, wakatuuliza hilohilo. Mwenzetu mmoja alijibu vibaya. Alipandishwa kwenye lori mchana uleule, na dawati lake likabaki wazi. Nilipolisikia tena katika kituo cha afya niliona tumetukanwa. Nikasema anahisi, anahisi vizuri kabisa. Kifaransa changu hakikukwama hata kidogo.

"Eko anauliza nini?" mke wangu alininong'oneza.

"Anauliza kama inakuuma."

"Aa, haiumi," alisema, akamtabasamia muuguzi. Muuguzi naye akatabasamu, akaandika.

Kisha ikaja picha. Na kwetu mtu hapigwi picha akiwa mkavu. Mke wangu alitoa kopo dogo la vazelini kwenye mfuko wake, akaanza kujipaka mkono mzima hadi ukang'aa.

"Mama, hapana mafuta, hapana," muuguzi alisema, akitafuta kitambaa. "Ngozi kavu, ni muzuri."

"Kavu?" mke wangu alicheka. "Docteur wa Lubumbashi ataseka. Atasema bamama ya Kolwezi banalala mu vumbi!"

Nami, mwenye Kifaransa, nikamwambia muuguzi aache, huyu ni mke wa mzee wa kanisa, hatumtoi nje kama mtu aliyechimbuliwa. Alikuwa mgeni, nami nilikuwa na mvi. Akasema, sawa, papa. Akapiga picha mbili. Mkono uling'aa vizuri sana.

Jibu lilifika kabla ya chakula cha mchana: yaelekea ni fangasi wa ngozi, apake pomadi asubuhi na jioni. Nilifurahi mno. Nilitembea Musonoi nzima nikisifu simu. Na sikuwa nasema uongo kabisa. Nyumba ya jirani walipanga vijana wanaochimba katika mgodi wa Mutoshi, tisa katika chumba kimoja, na wote walijikuna hadi damu. Muuguzi yuleyule alituma picha ya vidole vyao asubuhi. Jioni walikuwa na dawa, na baada ya wiki mbili walilala kimya. Kwa hao picha ilitosha. Upele wao ulionekana ulipo, na walipoulizwa walijibu wenyewe, tena kwa makelele.

Mke wangu alipaka pomadi bila kukosa. Baka halikuondoka. Muuguzi akapiga picha nyingine, na wiki ileile ujumbe wa daktari ukaingia kwenye simu yangu, kwa sababu namba iliyoandikwa ilikuwa yangu. Uliuliza kama kuna nafuu. Uliongeza kwamba kama hakuna, daktari angependa kumwona mgonjwa yeye mwenyewe na kumgusa, na kwamba atakuwa Kolwezi mwezi uleule. Nilikuwa nimeketi barazani. Mke wangu alikuwa anakanyaga cherehani hatua mbili kutoka kwangu.

"Ni nani?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Batu ya kanisa."

Nikaandika kwa Kifaransa: nafuu ipo. Nikatuma. Halafu nikafuta ujumbe wa daktari. Mtu anaweza kuniambia nilikosea siku ya kwanza kwa kuogopa. Mara hii ya pili nilikuwa na ujumbe mkononi, umeandikwa wazi, nikaufuta huku namwona mke wangu.

Mvua zikaanza. Mke wangu akawa anadondosha vitu: kifuniko cha sufuria, ufunguo, kijiko. Alikuwa akicheka, anasema uzee umeanzia kwenye vidole. Mkasi ulimtoka mara mbili. Kidole kidogo na cha pete vya mkono wa kulia vilianza kukunjika kidogo, kama vya mtu aliyeshika kikombe. Niliviona. Nikamwokotea mkasi.

Siku moja mama mmoja Mkatoliki alikuja kuangalia nguo ya binti yake. Ilikuwa imebaki pindo tu. Mke wangu alikuwa ameitandaza mezani, imejaa pini, na alikuwa anailainisha kwa ubavu wa mkono kutoka juu hadi chini huku wanapiga soga.

"Ee mama," yule mgeni alisema ghafla, "mutoto wangu anaenda ku komunyo ao anaenda ku buchere kuuza nyama? Hii rouge inatoka wapi?"

Juu ya kitambaa cheupe kulikuwa na mstari wa matone ya damu, yamefuatana vizuri kama mishono. Mke wangu akatazama dari, akamtazama paka wetu. Wote wawili wakacheka. Kisha yule mama akaacha kucheka, akamshika mkono na kuugeuza. Pini ilikuwa imezama kwenye nyama chini ya kidole kidogo, kichwa tu kikionekana.

"Haikuumi?"

"Haiumi," mke wangu alisema. Akaitazama pini kama kitu cha mtu mwingine. Akaichomoa mwenyewe, taratibu, akiwa bado anasubiri iume. Halafu akanitazama mimi.

Nilijua wakati ule. Nadhani nilijua tangu kwenye kituo cha afya. Nikamwambia: daktari akija, twende.

"Kule nyuma?"

"Kule nyuma."

Tulikaa kwenye benchi lile tangu asubuhi. Watu walipita. Mama mmoja wa kanisani kwetu alisimama na beseni lake la matembele.

"Tata muzee! Muko hapa?"

"Tuko hapa, mama."

"Haya. Muniombee na mi, miguu inanisumbua, labda wiki ya kesho mi pia nitakuya nikae hapo." Akaenda zake. Basi. Kitu nilichokikimbia miezi yote ile kilichukua muda wa mtu kuhamisha beseni kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Daktari alikuwa mwanamke, mnene kidogo, mwenye sauti ya chini. Nilisimama na kuanza Kifaransa changu: Daktari, mke wangu anasumbuliwa na...

"Bonjour, tata," alinikatiza kwa upole. "Ukae. Nataka nisikie mama ye mwenyewe." Na alisema Kiswahili chetu kilekile cha nyumbani.

Walienda nyuma ya pazia. Nilisikia akihesabu: mgongoni, kiunoni, na jingine pajani ambalo hata mimi sikulijua. Walipotoka, mke wangu alikuwa amejifunga kikwembe kifuani. Daktari alifuta vazelini yote mkononi kwa pamba na maji, akaligeuza baka kwenye mwanga wa dirisha. Likiwa kavu, lilikuwa na magamba madogo na halikuwa na unywele hata mmoja, kama kipande cha karatasi kilichobandikwa kwenye mkono. Sikuwahi kuliona hivyo. Mke wangu hakuwahi kulionyesha hivyo kwa mtu.

"Mama, funga macho. Kila fasi nakugusa, onyesha na kidole."

Alimgusa begani kwa ncha ya pamba. Mke wangu akaonyesha bega. Shingoni, akaonyesha shingo. Mkono wa kushoto, akaonyesha. Kisha daktari akaja kwenye baka. Akagusa katikati. Akagusa pembeni. Akagusa tena, na tena, na tena. Mke wangu alikaa amefumba macho, kidole kiko tayari hewani, uso umetulia kama mtoto mzuri darasani.

"Dokta," alisema, "mbona umeacha?"

Nilitazama sakafu.

Daktari alishika kiwiko chake, akapapasa kwa vidole nyuma ya mfupa, mke wangu akashtuka kwa maumivu. Mshipa wa fahamu ulikuwa umevimba, akasema, mnene kama kamba ya kiatu. Akampa kipande cha karatasi akibane kati ya kidole kidogo na cha pete. Akakivuta kwa vidole viwili. Kikatoka bila kupingwa.

Hakuficha jina la ugonjwa, wala hakulitamka kwa kunong'ona. Alisema ni ukoma, alisema una dawa, alisema dawa haiuzwi, na kwamba akianza tu hataambukiza mtu. Kisha akafungua simu yake na kutafuta fomu ya kwanza.

"Hapa banaandika hakuna baka ingine. Na hapa banaandika unahisi muzuri. Mama, njo vile ulisema?"

"Mi?" mke wangu alisema. "Hakuna mutu aliniuliza."

Daktari aliweka simu mezani. Mke wangu naye alifikiri kidogo, nikaona anarudi katika chumba kile, katikati yetu, mikono magotini. Akageuka polepole.

"Mi njo nilijibu," nikasema. Nilisema kwa Kiswahili.

"Tata," daktari alisema, "picha ilinionyesha rangi na ukubwa. Mafuta ilificha ukavu. Ile ingine yote ilikuwa mu yale majibu mbili. Ningesoma 'hahisi', ningemuita siku ileile. Na ulipoandika nafuu, nilifunga fomu." Hakunigombeza. Alimgeukia mke wangu akamwambia kwamba ngozi itapona. Kuhusu vidole atajaribu dawa ya kupunguza uvimbe wa mshipa, lakini miezi mingi imepita, hangeweza kumwahidi kitu.

Nami nilipimwa siku ileile, kama watu wote wa nyumba. Nilivua shati. Nilihisi kila mguso.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika karibu na nyumbani aliniuliza, "Ulijua?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Batu?"

"Eeh, batu."

Alitembea kidogo. "Na juu yangu, haukuogopa?"

Nikamtangulia kufungua mlango.

Alimeza dawa mwaka mzima. Mkojo ulikuwa mwekundu kila mara alipochukua dozi ya mwezi mbele ya muuguzi, naye alitania kwamba anakojoa grenadini, sharubati ile nyekundu, na kwamba tungeweza kuuza. Ngozi yake ikawa nyeusi zaidi, kisha ikarudi. Mabaka yakafifia. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake bila kuingia ndani. Wengine waliendelea kuleta, na yule mama wa komunyo alileta vitambaa viwili kwa makusudi, watu wamwone. Lakini mkasi haukushikika. Alijaribu kukata kwa mkono wa kushoto, na mstari ukapinda. Alijaribu kujifunga mkasi vidoleni kwa utepe, ukamtoka. Akarudisha vitambaa kimoja kimoja, na kila mara aliomba radhi yeye.

Cherehani alimpa binti wa jirani. Mimi niliona aibu hata kusaidia kuibeba.

Mdogo wa mke wangu anaishi Kasaji, analima maharage karibu na reli. Alienda huko kumsalimu, kwa mwezi mmoja. Mwezi ukawa msimu. Nilipanda treni kwenda kumchukua, akanipokea vizuri, akanipikia, akaniuliza kama paa linavuja. Anavuna kwa mkono wa kushoto. Nilipomwomba turudi, alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na hakuacha kuchambua.

"Sina hasira, tata," alisema. "Lakini hapa mutu akiniuliza kintu, najibu mi mwenyewe. Nimezoea."

Nilirudi peke yangu. Nimeacha kusoma matangazo kanisani; niliwaambia wazee wenzangu sababu, yote, na hakuna aliyenifukuza. Nilijiondoa mwenyewe.

Nilikubali picha ili nisionekane kwenye benchi, na nilijibu maswali mawili ambayo hayakuwa yangu. Mke wangu alipoteza nguvu za mkono wake wa kulia na kazi aliyoifanya tangu ujana. Mimi nilimpoteza yeye. Yuko Kasaji, mzima, na hatarudi.